Tufe la Mkono wa Kushoto

Kwa wewe uliyechelewa kuanza: mimi ni Dolores Pienta wa West Allis, na nyumba yangu imejaa matufe ya bolingi. Si mimi niliyeyajaza. Ni mume wangu, Elroy. Mwezi uliopita rafu ya chumba cha chini ilikatika, tufe moja likaniponda kidole cha mguu. Elroy alishuka ngazi mbio, akanipita nimekaa sakafuni nikilia, akaenda kuangalia kama tufe limechubuka.

Barua zenu nimezisoma. Wengi mmeniambia nimeze hasira, eti afadhali mwanamume apende matufe kuliko apende wanawake. Mezeni nyinyi. Mkishasoma ya leo mtaniandikia tena, na safari hii nataka mniombe radhi.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipoamua kuyauza yote. Asubuhi ya Alhamisi nikamwambia akiwa anakunywa kahawa.

"Elroy, mkono wa kutupia unao mmoja. Matufe yote yale ya nini?"

"Hujui unachosema. Njia za mbao za kuviringishia zinapakwa mafuta. Mafuta yakiwa mengi nataka tufe linalong'ata. Yakikauka nataka linaloteleza."

"Hayo ni mawili."

"Na la kuangushia pini ya pembeni iliyobaki peke yake. Hilo lazima linyooke moja kwa moja."

"Matatu. Na yale mengine yote?"

"Yamekunywa mafuta. Yamekufa."

"Kilichokufa kinazikwa."

"Yanaweza kufufuliwa."

Kufufuliwa maana yake ni kuokwa. Unalitia tufe kwenye oveni kwa moto mdogo, linatokwa jasho la mafuta, unalifuta. Alilioka moja kwenye oveni yangu siku ya ubatizo wa mjukuu wetu, bata wangu akatoka ananuka gereji. Padri alikula viazi tu.

Msinione mshamba wa mchezo huu. Nilicheza miaka mingi, tena vizuri kuliko yeye, mpaka mashine ya kiwandani iliponisaga kifundo cha mkono wa kulia nikaacha. Kwa hiyo nitawaambia jambo ambalo mcheza bolingi hatawaambia hata mkimning'iniza.

Mcheza bolingi hakosi. Ni tufe ndilo lililokosa. Goti limekauka, tumbo limetangulia mbele, jicho haliioni tena pini ya kona, lakini yeye anakwenda dukani kwa Butch Radke na kusema, "Tufe langu limechoka." Na Butch, mwenye duka pale pale ndani ya ukumbi wa bolingi wa Zielke, hajawahi kumwambia mtu hata mmoja kwamba aliyechoka ni yeye. Anampima mkono, anatoboa matundu matatu, anapuliza vumbi, anampa.

Wiki mbili za kwanza tufe jipya linaangusha kila kitu, kwa sababu mwenyewe ana furaha na anatupa bila woga. Wiki ya tatu linakuwa kama mengine. Anarudi kwa Butch.

Na wakiwa timu ndiyo balaa zaidi. Mmoja akinunua jekundu, wanne waliobaki hawapati usingizi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa najieleza miaka yote. Ujinga wa wanaume, basi. Nilikuwa nawacheka wake wenzangu waliokuwa na wasiwasi.

Alhamisi hiyo hiyo Elroy akaenda kwa daktari wa meno. Nikashuka chini na ndoo na kitambaa, niyafute matufe niyapange barazani, anayetaka aje achukue. Kila moja lilichongwa jina lake, ELROY, kwa herufi kubwa, utadhani kuna mtu angeliiba.

Katikati ya safu ya nyuma nikakuta moja la buluu. Halina jina.

Nikaingiza vidole ili nilinyanyue. Matundu yakanikataa.

Tufe hutobolewa kwa ajili ya mkono wa mtu mmoja, kama meno ya bandia yanavyotengenezwa kwa kinywa kimoja. La kulia hulitupi kwa kushoto; tundu la kidole cha pete linakuwa upande usio wake, na la gumba limeinamia kwingine. Elroy ni mtu wa kulia. Timu yake yote ni watu wa kulia. Tena gumba la Elroy ni nene kama soseji, na tundu lile lilikuwa jembamba.

Lilikuwa tufe la mwanamke, mwanamke wa mkono wa kushoto.

Nikakaa kwenye ngazi. Sitajifanya chuma hapa, niliumia. Nilimpikia mtu huyu, nikamuuguza nyonga, nikavumilia bata kunuka gereji. Na sasa ndiyo nikaona akili yake, mimi niliyemwona hana akili. Mwenye matufe mawili hawezi kuficha la tatu. Mwenye chumba kizima anaficha analotaka.

Haikunijia kabisa kulijaribu na mkono wangu wa kushoto. Nilikuwa namtafuta mwizi.

Ukumbini kwa Zielke mwanamke anayetupa kwa kushoto ni mmoja. Anaitwa Arlene Zastrow, mjane, nywele kila mwezi rangi mpya. Mumewe alikuwa hajapoa kaburini, Arlene akaanza kuvaa nguo za waridi na kucheza Ijumaa kwenye ligi ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Ligi ile ile ya Elroy.

Ijumaa nikasubiri Elroy atangulie. Kisha nikalitia tufe kwenye mfuko wa sokoni, nikachechemea na kidole changu mpaka kwa Zielke.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Ijumaa watu wanakuja kula samaki wa kukaanga hata wasiocheza. Elroy alikuwa njia ya mwisho, amenipa mgongo. Arlene alikuwa mezani, sahani imejaa, anatafuna.

"Arlene."

"Dolores shoga, kidole kimepona?"

"Kinaendelea. Nimekuletea kitu chako."

Nikalishusha tufe juu ya sahani yake. Saladi ya kabichi ikaruka pande zote.

"Ni nini hiki?"

"Ulikisahau kwangu. Chumba cha chini."

Alichukua muda kunielewa. Akajifuta kidevu polepole.

"Wewe mama una wazimu."

"Humu ndani anayetupa kwa kushoto ni wewe peke yako."

"Na humu ndani anayedhani kuna mtu anamtaka Elroy ni wewe peke yako."

Meza ya madereva wa malori ikacheka. Arlene akapata nguvu, akapaza sauti.

"Elroy huyu? Anayekula na kofia kichwani? Dolores, nikitaka cha kunikoromea usiku ninaye mbwa, tena huyo ananisikiliza."

"Ingiza mkono."

"Siingizi."

"Unaogopa litakukaa?"

Akasukuma kiti, akajipangusa vidole, akaingiza mkono wa kushoto mbele ya watu wote. Vidole viwili viliingia. Gumba likakwama ukuchani. Akasukuma, akazungusha, akaunyanyua mkono juu tufe likabaki mezani.

"Mimi nimekulia kwenye ng'ombe," akasema. "Gumba langu umeliona. Tundu hilo ni la mwanasesere. Nenda kamtafute mwenye nalo, ukirudi pitia jikoni uniletee samaki mwingine."

Hapo kicheko hakikuwa cha meza moja. Na watu wa kwetu wakishaanza hawana breki. Akasimama mwanamke wa kaunta ya viatu vya kukodi, akasema naye ajaribu, labda ni wake na amesahau. Nyuma yake akasimama mwingine. Wakapanga foleni, jamani. Wanawake ninaosali nao kanisa moja walipanga foleni wakiwa na glasi za brandi mikononi, kila mmoja anaingiza vidole vya kushoto katika tufe la hawara wa mume wangu.

"Mimi linanibana."

"Mimi linanipwaya, Dolores, nifanyeje, nihamie kwako hivyo hivyo?"

Hata dereva mmoja wa lori alijaribu. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikalinyakua tufe, nikaingia dukani kwa Butch.

Butch alikuwa anafagia vumbi la matundu. Akaliona tufe, akaendelea kufagia palipokwisha fagiliwa.

"Hili umemtobolea nani?"

"Dolores, mkono wa mteja ni siri. Daktari hatangazi ugonjwa wa mtu."

"Wewe si daktari. Wewe ni mtu mwenye drili."

"Hata hivyo."

"Nimekujua tangu unanyonya, Butch Radke. Mama yako alikuwa jirani yangu. Sema."

"Muulize mumeo."

"Kwa hiyo mume wangu anamjua."

Butch akarudia kufagia pale pale. Alijua limeshamtoka.

Mlangoni akasimama Elroy, shati lake la timu, jina kifuani. Nyuma yake ukumbi mzima, na Arlene mbele kabisa na uma mkononi. Nyuma kabisa huko hakuna aliyekuwa anatupa tena. Elroy akalitazama tufe, akanitazama, akamtazama Butch.

Nilimwona akiwaza. Kwa Elroy hilo linaonekana, maana masikio yanasogea.

"Ni la nani?" nikamuuliza. "Sema hapa hapa, mbele ya watu. Ukisema kweli nitaondoka usiku huu bila kuvunja kitu. Ukinidanganya, sitaondoka mimi. Nyumba ile niliachiwa na mama yangu, utaondoka wewe na ghala lako."

Ndiyo, hilo ndilo lililokuwa mezani jioni ile. Ndoa yangu yote, na mbele ya watu ambao wangeisimulia mpaka nife.

Elroy akashusha pumzi. Halafu akatabasamu.

"Umeniharibia, Dolores."

"Nimekuharibia nini?"

"Nilitaka nikupe mwezi ujao, siku ya ndoa yetu." Akawageukia watu. "Mke wangu alikuwa mchezaji, wakongwe mnamjua. Mkono wa kulia ukaharibika, akaacha. Kila Ijumaa mimi nakuja hapa, yeye anabaki na televisheni. Nikajiambia, mkono wa kushoto si upo? Si anaweza kujifunza upya?"

Arlene akashusha uma.

"Muongo wewe," nikasema, lakini sauti yangu ilikuwa imeshalegea. "Nani alikupimia mkono wangu?"

"Ulikuwa umelala kwenye kochi. Nilikupima na uzi. Ingiza, mama. Ingiza uone."

Nikaingiza mkono wa kushoto. Cha kati kikaingia. Cha pete, kilichopinda tangu nizaliwe, kikaingia. Gumba likateleza mpaka mwisho, halikubanwa, halikulegea. Nikalinyanyua tufe likanyanyuka na mimi.

Wale wale wa foleni wakaanza kujifuta macho. Mwanamke wa kaunta ya viatu alilia kwa sauti. Arlene akasema, "Haya, samaki nimekusamehe." Butch alibaki anautazama ufagio wake, nikadhani naye ameguswa.

Na mimi nikalia. Kwa nini niwafiche? Nililia kama mjinga. Nilimshika Elroy shingoni, nikamwomba radhi mbele ya Zielke nzima, nikamwita mume mwema. Nilijiona mwanamke mbaya kuliko wote wa mji huu. Nilisema kesho narudisha rafu, namnunulia oveni yake mwenyewe ya kuokea matufe yake. Akanibusu. Hajanibusu mbele za watu tangu mtoto wetu wa kwanza.

"Litupe, Dolores," mtu akasema.

Wakadakia wote, litupe, litupe. Wakanisafishia njia ya kwanza. Mtu akaniletea viatu. Pini kumi zikasimama mbele yangu, na nikasikia furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu ile mashine.

Nikasimama mstarini. Nikalishika tufe vizuri, nikalikaza gumba.

Gumba likagusa utepe.

Wachezaji mmeshanielewa. Wengine nitawaambia. Gumba huvimba kwa joto na hunywea kwa baridi, kwa hiyo mwenye tufe hubandika kipande cha utepe ndani ya tundu lake, akiona bado linacheza anabandika cha pili juu yake, mpaka limkae. Unajibandikia mwenyewe wakati wa kucheza. Tufe jipya halina utepe, na la zawadi ambalo mwenyewe hajaliona halina kabisa.

Hili lilikuwa na vipande kadhaa, kimoja juu ya kingine, na cha juu kilikuwa kimelika mpaka kimekuwa laini. Utepe hauliki kwa siku moja. Kuna gumba lililoingia na kutoka humo msimu mzima.

Gumba la ukubwa wangu. Kidole cha pete kilichopinda kama changu.

Mkono huu si wa kila mtu, mmeona foleni nzima imeshindwa. Mkono huu ni wa mama yangu. Na mama alituachia sisi wawili.

Mlioanza nami mnamkumbuka mdogo wangu Rita, yule aliyewaambia watu kwenye mazishi ya mama kwamba nilimwacha mama afe peke yake, nami nikamzaba kofi mbele ya padri. Alihamia Racine, mji ulio chini kidogo ya barabara, na tangu siku hiyo hatujasalimiana. Elroy mwenyewe aliniapia, mkono juu ya jeneza, kwamba Rita kwake amekufa pamoja na mama.

Rita ni mtu wa kushoto. Masista walimpiga rula shuleni hadi wakachoka. Lakini sikumfikiria hata kidogo, kwa sababu Rita hakuwahi kugusa tufe maishani mwake. Alikuwa akisema bolingi ni mchezo wa watu wanaopenda kuvaa viatu vya wenzao.

Basi kuna mtu amemfundisha.

Elroy akaja akasimama kando yangu, akanishika kiwiko. Nyuma watu wanapiga makofi kwa mpigo, wananisubiri.

"Mguu unaoteleza sasa ni wa kulia, si wa kushoto," akaniambia sikioni. "Bega lisiwahi. Liache tufe liende lenyewe, usilisukume."

Aliyasema vizuri, bila kutafuta neno. Mimi hajawahi kunifundisha chochote. Miaka ile mimi ndiye niliyekuwa namfundisha yeye.

Sikugeuka. Niliendelea kuzitazama pini. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeulizia habari za nyumbani.

"Rita hajambo?"

"Hajambo," akasema.

Kisha mkono wake ukaachia kiwiko changu. Watu walikuwa bado wanapiga makofi, na tufe nilikuwa nimelishika mimi.